Mtungi Usiopasuliwa

Mashine ilikuwa imezimwa, na mti bado ulikuwa unalia.

Darla Ruona alisimama na chuma cha kuchimbia mkononi, akautazama mtungi wake wa mti ulioshikwa na meno ya mashine ya kukerezea. Haukuwa unazunguka. Hata waya alishauchomoa ukutani. Na bado mtungi ulivuma, uuuu, sauti nyembamba ya mtu anayeimba huku amefumba midomo. Akauwekea kiganja. Ulikuwa unatetemeka.

"Acha ujinga," akauambia.

Ukaacha. Mtu mwingine angetoka mbio kwenye karakana ile, akafunga mlango na kutupa ufunguo kwenye theluji. Lakini mwenye hasira haogopi upesi, na Darla majira yale ya baridi alikuwa hasira tupu, kuanzia utosini mpaka kwenye soksi.

Na haki alikuwa nayo, msinibishie. Mumewe Lyle aliambiwa asiende ziwani. Aliambiwa na mkewe, akaambiwa na majirani, akaambiwa na barafu yenyewe iliyokuwa changa na inayolia chini ya miguu. Akacheka, akatia tumbaku shavuni, akapanda pikipiki yake ya theluji kwenda kuvua samaki. Wakamtoa majini kesho yake. Huku kaskazini mwa Michigan ardhi huganda ikawa jiwe na watu hawazikwi mpaka mwezi wa tano, kwa hiyo Lyle alichomwa, akarudi nyumbani ndani ya kasha la plastiki, akawekwa juu ya friji karibu na chumvi.

"Msamehe tu, Darla, keshakwenda," watu walimwambia, huku wakimletea pasti za nyama na viazi.

"Nimsamehe kwani ameniomba? Yule alimkanyaga paka akamlaumu paka!"

Akaapa mbele ya kila mtu. Siku ya mazishi angesimama ukingoni mwa kaburi, mchungaji akae pembeni, naye amwambie Lyle yote yaliyomjaa kifuani. Hilo tu ndilo lililomfanya aamke asubuhi. Na majivu yake yangezikwa ndani ya mtungi alioukereza mwenyewe, kwenye mashine ileile ambayo Lyle hakumruhusu kuigusa maisha yao yote. "Utajikata vidole, mama Kirsten." Basi akajiunga na wakereza mbao wanaokutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, na mzee Wendell Trezona akawa mwalimu wake.

Wakereza wale wana desturi. Mtungi wako wa kwanza hupasuliwa. Unaukereza, unauchimba ndani kupitia tundu dogo usiloweza kuchungulia, unasikiliza mlio ili ujue ukuta umebaki mnene au mwembamba, na ukishamaliza kuupenda unapelekwa kwenye msumeno wa umeme, unakatwa toka mdomo hadi kitako. Wanasema ni kwa ajili ya kuona makosa. Watu wanacheka, vipande vinatiwa motoni, biashara imeisha.

Darla alikataa. "Huu ni wa Lyle. Haupasuliwi."

"Wa Lyle tengeneza mwingine," Wendell akasema. "Huu wa kwanza lazima."

"Lazima kwa nini?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Nimekuuliza kwa nini, Wendell, sijakuuliza ni desturi ya nani."

Mzee akatazama viatu vyake. Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo! Alikuwa na jibu. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi wake, akalimeza kwa sababu ya aibu, akamwacha mjane aondoke na mtungi wake kwapani.

Kilichobaki, alipofika nyumbani, kilikuwa kuondoa maranda yaliyojazana ndani. Wakereza hutumia pampu ya upepo. Darla aliinamisha uso, akabandika midomo kwenye tundu, akapuliza kwa nguvu zake zote. Maranda yakamrukia usoni. Akafuta macho, akakohoa, na kutoka ndani ya mtungi kitu kikakohoa vilevile.

"Umechimba vibaya," kikasema. "Upande mmoja mnene kama ukuta wa sauna. Nilikuambia usiguse vitu vyangu."

Karakana ilijaa harufu ya maji ya ziwa, petroli na ile tumbaku ya Lyle yenye mnanaa. Darla akaketi juu ya ndoo.

"Lyle?"

"Ulitaka nani, mchungaji? Nitie humu ndani, mama Kirsten. Kule juu ya friji nasikia baridi."

Akaenda, akalishusha kasha, akamimina majivu yote ndani ya mtungi. Mengine yakamwagika mezani, na sauti ikamkaripia kwa hayo pia.

Tangu siku ile wakawa wanagombana. Kila adhuhuri, akishamaliza kula, Darla alikwenda karakana, akapuliza, naye Lyle akaamka. Alimtukana na kutukanwa. Alimwita punda, akaambiwa mapishi yake yalikuwa hayalambiki. Jamani, alikuwa na furaha! Sauti ikififia ilisema, "Nipulizie kidogo, pumzi imekwisha," naye akapuliza. Kwanza ilitosha mara moja. Kisha ikawa kila baada ya maneno machache, halafu ikawa neno moja kwa pumzi moja, na Darla akaanza kupumzika katikati ya ngazi, akaanza kulala ameketi, midomo imekuwa ya samawati na mashavu yameingia ndani.

Kirsten, binti yao, alimsikia mama yake akihema kwenye simu, akaendesha gari kutoka mji wa Green Bay bila kuaga kazini. Nyumba ilikuwa baridi, jiko limezimika, sahani za juzi zipo mezani, na kutoka karakana alisikia kitu kama mvukuto wa mhunzi, kinavuta na kutoa, kinavuta na kutoa, akavuka ua huku theluji ikimfika magotini, akasukuma mlango, na hapo akamwona mama yake amepiga magoti mbele ya mtungi, midomo imegandana na tundu lake, kifua kinapanda na kushuka, ila hakuwa mama aliyekuwa anapuliza tena, kilichokuwa ndani ndicho kilichokuwa kinavuta, na kila kikivuta mwili wa mama ulisogea mbele kama nguo inayobanwa na upepo.

Alimng'oa kwa kumkumbatia kiunoni. Midomo ilitoka na damu.

"Kirsten," mtungi ukasema kwa upole. "Umekua, binti yangu. Mwache mama."

Kirsten akapiga simu kwa Wendell. Mzee alifika na koti amelivaa ndani nje.

"Ulipuliza kwa mdomo?" akauliza, kwa sauti ya chini, kama vile mtungi una masikio.

"Ningepuliza kwa kitu gani kingine?" Darla alisema. Kila neno lilimtoa jasho.

"Huyo si Lyle, Darla."

"Umejuaje?"

"Aliyenifundisha kazi aliniambia. Mtu akichimba shimo la giza kwa mara ya kwanza, halafu kifuani ana donge, kuna kitu hupita kikaona pa kukaa. Ndiyo maana tunapasua. Kikiona mwanga kinatoka."

Sisi Waswahili tungesema jini, tukamaliza. Wale hawana jina lake, na pengine ndiyo sababu wanaona haya kukitaja.

"Ulijua!" Darla akamshika mzee ukosi. "Nilikuuliza kwa nini, ukatazama viatu!"

"Ungenicheka."

"Si ningecheka! Nani amekufa kwa kucheka?"

Msumeno wa Lyle ulikuwa pale kwenye kona. Wendell aliuwasha, akanyoosha mkono kuuchukua mtungi, na mkono ukamgomea. Darla akamsukuma kando. Akaunyanyua mwenyewe, ukawa mzito kuliko ulivyopaswa kuwa, akauburuta mezani kuelekea kwenye meno ya chuma.

Sauti ilianza kwa matusi. Ikamwita mwendawazimu, ikamwambia hana shukrani. Mtungi ulipokaribia meno, ikageuka kilio.

"Darla. Nisamehe. Uliniambia nisiende nikakudharau. Nisamehe, mke wangu."

"Mama, ngoja!" Kirsten alipiga kelele. "Ni baba! Ni baba kweli!"

Darla akasimama. Ndilo neno alilokuwa na kiu nalo maisha yake yote ya ndoa, na sasa limekuja, kwa sauti ileile, na machozi ndani yake. Alilia. Alilia mpaka kamasi ikamfika kidevuni, na Wendell akadhani basi, imekwisha, mwanamke ameshindwa. Kisha akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Lyle hajui hilo neno," akasema. "Wewe ni nani?"

Kilio kikakatika. Ndani ya mtungi ukaanza ule mvumo wa siku ya kwanza, uuuu, bila midomo.

Darla akausukuma. Mti ulipasuka kwa ukelele uliotikisa vioo vya dirisha, harufu ya ziwa ikawapiga nyuso, na nusu mbili zikaanguka huku na huku, majivu yamelowana kama uji. Kirsten akakimbilia mlango kuufungua. Darla alishika meza, akatupa kichwa nyuma, akavuta pumzi ndefu, nzima, ya kwanza baada ya wiki nyingi, mpaka mbavu zikamtanuka, na harufu ya ziwa ikaisha kabla mlango haujafunguka.

Walivichoma vipande. Majivu wakayakausha kwenye oveni, wakayarudisha kwenye plastiki. Darla akaanza kula, akanenepa, rangi ikamrudia. Sauti tu ndiyo ilimpotea tangu siku ile, na daktari akasema ni koo, asiseme mpaka lipone. Naye hakujali. Maneno yake aliyatunza kwa ajili ya siku moja tu.

Mwezi wa tano ardhi ililainika. Tulisimama wote makaburini, matope hadi vifundoni, na kila mtu alijua kilichokuwa kinakuja, hata mchungaji, aliyefunga kitabu akasogea pembeni. Darla alisonga mpaka ukingoni. Alilitazama lile kasha chini, akakunja ngumi, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira aliyokuwa ameilea majira mazima. Akafungua kinywa.

"Nisamehe," akasema, kwa sauti ya Lyle, nzito, yenye tumbaku. "Nisamehe, mke wangu. Nisamehe."

Kirsten akaanguka matopeni. Macho ya Darla yalikuwa yake mwenyewe, yamewaka, yanazunguka kututazama mmoja baada ya mmoja. Akauziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sauti ikaendelea kuomba radhi katikati ya vidole.