Chumvi Kwenye Ukoka wa Baba

"Zege! Nasema tumwage zege hapa, tumalize!"

"Nimwagie mimi kwanza. Nifunike nikiwa nimesimama hapa hapa."

"Mama, ukoka umekufa! Fungua macho uone!"

"Umekufa mdomoni mwako."

Hao ni mama yangu na kaka yangu Thamir. Wako uani kwetu, Tannuma, ng'ambo ya mto kutoka Basra mjini. Jua linachoma. Kati yao kuna ukoka uliokauka, rangi ya mkeka wa zamani. Tangu baba azikwe, ugomvi ni huo huo. Mimi Karrar niko juu ya ngazi, natengeneza kiyoyozi. Ndiyo kazi yangu. Shule niliikimbia mapema. Kelele za nyumbani zimenishinda kuzikimbia.

Ukoka ule baba aliupanda kwa mkono wake. Kila jioni mama alikuwa anaurushia maji kidogo ili upoe. Kisha wanakaa juu yake wawili, chai ya ndimu kavu katikati. Ukikanyaga na viatu, baba anafoka: "Vua viatu! Hapa si sokoni!" Sasa baba hayupo, na ukoka unamfuata. Mama bado anakaa pale kila jioni, peke yake, kwenye vumbi.

"Joto likivunjika na ukoka bado uko hivi, naleta zege," Thamir akasema. "Asinizuie mtu."

"Zege la nini, kaka?" nikamuuliza. "Ukoka umekukosea nini?"

Akanitazama. "Siku baba alipokufa wewe ulikuwa kazini. Mimi ndiye niliyemkuta baba amelala pale. Kila nikiingia lango hili, namkuta tena. Umeelewa?"

Nikarudi kwenye kiyoyozi changu.

Kesho yake nikamwita jirani yetu, Bi Ikhlas. Alifanya kazi idara ya kilimo mpaka akastaafu. Ana mdomo, lakini udongo anaujua. Akachuchumaa, akakwangua weupe uliotanda juu ya udongo, akaugusisha ulimini.

"Uwii, Mama Thamir! Hapa unaweza kukaushia samaki!"

"Ni ukungu tu huo," mama akasema.

"Ukungu gani una ladha ya chumvi? Unamwagilia vipi?"

"Kidogo kidogo, kila jioni, maji ya bomba. Na mpira ule wa maji unadondosha mchana kutwa."

Bi Ikhlas akaufuata mpira kwa macho. Unatoka dirisha la jikoni, kwenye mtambo wa kuchuja maji ya kunywa. Bomba letu lina chumvi, huwezi kunywa bila kuchuja. Mpira aliufunga baba. Aliona mtambo unamwaga maji mengi mtaroni, roho ikamuuma. Alisema maji ni neema, na kuyatupa ni dhambi.

"Muuaji ndiye huyo," Bi Ikhlas akasema, akiuonyesha mpira.

"Unasemaje?"

"Sikiliza, dada yangu. Mtambo unagawa maji mafungu mawili. Matamu yanakuja kwenye glasi yako. Mengine yanabeba chumvi yote, yanatokea kwenye mpira huu. Ni makali kuliko ya bomba. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Ukoka unakufa kiu huku umelowa."

"Kwa hiyo marehemu aliua ukoka wake mwenyewe? Unaniambia hivyo nyumbani kwangu?"

"Hakujua."

"Chai yako ile pale. Kunywa uende."

Mama akaingia ndani, akaubamiza mlango hadi dirisha likatetemeka. Nikachukua kisu nikate ule mpira. Bi Ikhlas akanishika mkono.

"Acha. Si wako huo wa kukata."

Siku zikapita. Asubuhi moja nikamkuta dirishani. Ameufungua mpira mwenyewe, anaukunja taratibu kama anayekunja nguo. Akaenda kuuweka kabatini, na kanzu za baba. Kisha akasema, bila kunitazama: "Kamwite yule mwenye mdomo."

Bi Ikhlas akaja na jembe la meno. Nikafunga mpira mwingine, maji ya mtambo yakaenda mtaroni. Tukakwangua weupe wote, tukautoa nje. Udongo wa chini ulikuwa mgumu kama tofali. Tukaupasua, tukachanganya jasi ya kilimo inayolegeza udongo wa chumvi, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Pembeni tukachimba mfereji.

"Wa nini?" nikauliza.

"Chumvi inataka mlango wa kutokea. Sasa jaza maji ya bomba, mengi, yazame."

"Si yana chumvi?"

"Yana chumvi ndogo kuliko udongo wako. Yataisukuma chini. Ukirusha kidogo kidogo kila jioni, unalowesha juu tu. Mizizi inabaki juu, na chumvi iko juu. Mwagilia mara chache, alfajiri, maji yazame sana. Na wewe fundi, maji ya viyoyozi yanakwenda wapi?"

"Mtaroni."

"Mjinga we! Yale yanatoka hewani, hayana chumvi hata chembe. Yakinge."

Nikaunganisha viyoyozi vyote kwenye pipa. Upepo wa unyevu ukivuma, pipa linajaa. Kwa kuwa maji yale hayatoshi uwanja wote, tukapanda kipande kidogo tu, pale alipokuwa akikaa baba. Kwingine tukatandika kokoto. Kwa mbegu tulikata vipande vya ukoka hai kwa Bi Ikhlas, aina inayovumilia chumvi. Akatukataza kuufyeka mfupi wakati wa joto, maana majani marefu yanakinga udongo.

Vipande vingine vilikufa. Tukapandikiza tena. Mama hakufurahi, hakulia. Alimwagilia alfajiri, akarudi ndani.

Joto likavunjika. Thamir akaja kama alivyoahidi, nyuma yake mtu wa zege na mashine yake. Akafungua lango, akasimama.

Mama amekaa juu ya ukoka. Kipande si kikubwa kuliko zulia, lakini kijani kweli kweli, kimeshonana. Mbele yake chai ya ndimu kavu, glasi mbili.

"Tuanze wapi, bosi?" mtu wa zege akauliza.

Mguu wa Thamir ulikuwa umefika ukingoni mwa majani.

"Vua viatu," mama akasema. "Hapa si sokoni."

Kaka akaangalia viatu vyake. Akaangalia pale alipomkuta baba. Akamwashiria mtu wa zege aondoe mashine yake. Kisha akageuka, akatoka langoni, viatu miguuni.