Swali la Matangi

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Redio alikaa juu ya dawati akitangaza mpira wa jana utadhani yeye ndiye aliyekuwa refa. Darasa la sita lilimpa jina hilo kwa sababu hazimiki. Siku moja alizimwa na shangazi yake mwenyewe, mwalimu na mtunga mitihani, aliyeingia na bahasha nene.

"Leo tunapima maswali, hatuwapimi ninyi," alisema shangazi. "Nataka kujua lipi gumu, lipi jepesi. Usilolijua, liache wazi."

Swali la mwisho lilihusu mabomba mawili yanayojaza tangi. Wenzake walikuna vichwa. Redio, bingwa wa hesabu mwenye roho safi, aliwaonea huruma. Akanong'ona jibu, nalo likapita dawati hadi dawati. Darasa zima likapata.

Wiki iliyofuata, mdogo wake Redio wa darasa la nne alirudi nyumbani macho yamevimba.

"Kaka, mimi mjinga! Shangazi katuletea swali la matangi, eti ni jepesi, darasa la sita wote walilipata. Nimelikodolea macho mpaka kengele ikalia."

Redio akakumbuka jibu alilonong'ona. Alikimbia hadi kwa shangazi, akamkuta ameinamia kompyuta.

"Shikamoo, shangazi. Lile swali si jepesi. Niliwanong'oneza wenzangu jibu."

"Marahaba. Kumbe!" Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. "Nimeumiza kichwa mchana kutwa! Walioshindwa hata kujumlisha wamelipata, na darasa la nne hakuna hata mmoja!"

"Nilitaka kuwasaidia tu."

"Najua, mwanangu. Lakini anayepimwa uzito akiinuliwa na wenzake, mizani itasema uongo. Na uongo huo umemliza mdogo wako."

Kesho yake shangazi aliliambia darasa la nne kwamba swali lile halikuwa la darasa lao, kosa si la vichwa vyao. Mdogo wake Redio akarudi nyumbani akirukaruka.

Kisha darasa la sita likapewa swali jipya la matangi. Redio aliziba mdomo kwa mikono miwili, mashavu yakavimba, darasa likaangua kicheko. Safari hii karatasi nyingi ziliachwa wazi.

"Hongereni sana!" alisema shangazi, uso ukimng'aa. Wanafunzi wakatazamana. Walikuwa hawajawahi kupongezwa kwa kutojua. "Sasa najua pa kuanzia kuwafundisha. Kusema 'sijui' si aibu, wanangu. Ni ukweli, na mwalimu hawezi kumsaidia mtoto asiyemwambia ukweli. Haya, nani anataka kujifunza hesabu ya matangi?"

Mikono yote ikapanda juu.