Bunduki ya Mkono wa Kushoto

"Falk, hiyo ni ya mtu wa mkono wa kushoto."

Nilisema kama mtu anayesema leo kuna baridi.

Falk hakuniangalia. Aliendelea kuishika ile bunduki, dole gumba likipapasa kitako mahali pa kulaza shavu.

"Najua," akasema. "Ila mtutu wake mzuri."

"Mtutu mzuri na komeo la kufungia risasi liko kushoto. Mimi wa kulia. Wewe wa kulia. Tunamnunulia nani?"

Mzee Gerolf akacheka hadi akakohoa. Yeye ndiye msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha hapa Suhl, Ujerumani, na watu wa klabu wakitaka kuuza bunduki zao humwachia yeye. Siku hiyo alikuwa ametandaza tatu juu ya blanketi la kijani, zote za risasi ndogo, zile za kulenga karatasi mita hamsini. Ya kwanza ilikuwa mpya mpya, ya alumini inayong'aa, skrubu kila mahali. Ya pili ndiyo hiyo ya kushoto. Ya tatu ilikuwa kuukuu, nzito, ya mbao, kitako chake kimechongwa wazi bila kupendelea shavu lolote.

"Marlit," Mzee Gerolf akaniambia, "mchumba wako amechanganyikiwa na harusi. Mwanamume wiki tatu kabla ya ndoa hajui hata mkono wake wa kulia uko wapi."

Nilicheka kidogo ili nisionekane mbaya. Tulikuwa na euro elfu mbili, mimi na Falk, za bunduki moja ya sisi wawili. Yake ya zamani aliiuza wakati wa baridi, akasema pesa ziingie kwenye harusi. Na kwenye hizo elfu mbili ilibidi zibaki za risasi na koti la kulengea, maana ukimaliza zote kwenye bunduki utaishia kuitazama tu sebuleni.

"Chukueni hii ya mbao," Mzee Gerolf akasema. "Haina urembo. Triga yake laini kama siagi. Mjaribu pakiti za risasi za aina tofauti mpaka mjue inapenda zipi, halafu mnunue hizo hizo za kutosha. Lakini mtutu kwanza. Falk, si uangalie? Wewe ndiye jicho la mji huu."

Hilo halikuwa neno la kumpamba. Falk kazini kwake, kiwanda cha bunduki, hunyoosha mitutu. Anaielekeza dirishani, anatazama ndani vivuli vinavyojipanga kama pete, na pete moja ikikaa vibaya anajua mtutu umepinda, hata kwa unene wa unywele.

Akalitoa komeo la ile ya mbao, akanyanyua mtutu kuelekea dirishani, akauweka kwenye jicho la kulia. Akatulia. Kisha, haraka, kama mtu aliyeguswa na moto, akauhamishia la kushoto. Kisha akaniwekea mimi mikononi.

"Angalia wewe."

"Mimi? Mimi nitaona nini?"

"Angalia tu, Marlit."

Nikaangalia. Pete zilikuwa nzuri, moja ndani ya nyingine. Lakini akili yangu haikuwa kwenye pete, kwa sababu kwenye klabu yetu nzima mtu wa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Doreen. Na kabla yangu, Falk alikuwa wa Doreen.

* * *

Siku ile ile mchana, Falk alikuwa anaosha vyombo na simu yake iko mezani karibu na kahawa yangu. Ikawaka. Sikuigusa. Macho tu ndiyo yalikwenda.

*Jumanne saa kumi, uwanjani, kabla watu hawajafika. Marlit usimwambie kama hutaki, lakini mimi naanza kuogopa. Doreen.*

"Nani?" Falk akauliza, mgongo bado ameupa meza.

"Sijui. Simu ni yako."

Akageuka. Aligeuka vibaya, akagonga kona ya kabati kwa bega la kulia. Siku hizo alikuwa anagonga vitu sana. Nilidhani ni dhamira inayomsuta.

Akasoma, akaiweka simu mfukoni.

"Wa kazini," akasema.

Mtu akikudanganya kwa jambo dogo unaweza kupigana naye. Akikudanganya huku bado ana povu la sabuni mikononi, anakufutia sahani yako, unaogopa hata kufungua mdomo.

Jumanne nikaenda. Nilisimama nje ya jengo la uwanja, kwenye dirisha la kando ya miti ya misonobari, nikatazama ndani kama mwizi.

Falk alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, na Doreen amelala karibu yake. Mkono wake ulikuwa shingoni kwa Falk.

"Shavu, Falk! Lilaze!" nilimsikia. "Unaliogopa kama unambusu bibi yako!"

Falk akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaficha uso kwenye mkono, na Doreen akamsugua mgongo taratibu, taratibu.

Niliondoka. Nyumbani nikala vipande vitatu vya keki ya matunda nikiwa nimesimama, sikusikia ladha hata ya kimoja. Falk aliporudi akauliza, "Umelia?" Nikasema ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja jikoni, na yeye hakuona.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzijaribu bunduki.

Tulikuwa wanne: Mzee Gerolf, Falk, mimi, na Doreen ambaye alikuja "kusaidia". Alinisalimia kwa kunikumbatia. Alinukia sabuni ya watoto.

"Unaonekana mgonjwa, dada," akasema.

"Nalala vibaya."

Akanitazama sana, akafungua mdomo, kisha akamtazama Falk na kuufunga. Nikajisemea, leo. Tukimaliza hapa leo, naivua pete nampa.

Nililenga na ile ya mbao. Pakiti ya kwanza risasi zilitawanyika. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu zikaingia karibu tundu moja, na Mzee Gerolf akapiga mluzi.

"Imejichagulia chakula chake! Hiyo pakiti andika namba."

Falk alikuwa nafasi ya mwisho kabisa upande wa kushoto, na ile ya mkono wa kushoto. Amevaa vizibo vya masikio, shavu limelala sawasawa kitakoni. Nikapiga magoti ubavuni kwake, upande wa kulia, niuone uso wake. Nilitaka kuona kama uso wa mwongo unafanana na wa mtu mwingine yeyote. Hakunitazama. Nikadhani ananidharau.

"Acha kulenga!" Mzee Gerolf akaita. "Doreen anabadilisha karatasi!"

Taa nyekundu ikawaka ukutani, ukuta wa kulia. Uwanja wowote taa hiyo ikiwaka hakuna anayegusa bunduki. Komeo linakaa wazi, uzi wa rangi unapitishwa mtutuni kuonyesha hamna risasi, na kila mtu anasimama mbali. Mtoto wa klabu analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Niliuona uzi wa bunduki ya mbao umeshapita. Nilimwona Doreen anatembea kwenda mbele na karatasi kwapani, mita kumi, mita ishirini.

Kisha nikasikia mlio mdogo. Risasi inadondoka chembani, tundu la nyuma ya mtutu.

Nikageuka. Falk alikuwa ameshapakia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya komeo, analisukuma mbele polepole, jicho la kushoto liko kwenye tundu la kulengea, na tundu hilo linakuonyesha karatasi yako tu, halikuonyeshi mtu anayetembea pembeni yake.

"Falk!"

Hakusikia.

"Falk, taa!"

Komeo lilikuwa linakwenda. Sikufikiri. Nilimrukia juu ya bega, nikachomeka kidole kwenye chemba, na chuma kikaja kikakutana na mfupa.

Sijui nililiaje. Mzee Gerolf anasema alidhani ni mbwa aliyegongwa na gari.

Falk aliruka kama amemwagiwa maji, akang'oa vizibo masikioni.

"Marlit! Umetokea wapi? Umetokea wapi wewe?"

"Nimetokea wapi?" Damu ilikuwa inanichuruzika mpaka kiwikoni. "Nimepiga magoti hapa kuliani kwako muda wote! Nimekutazama muda wote!"

Akageuza kichwa chote kunitafuta, si macho, kichwa chote kama ndege anavyogeuza. Ndipo nikaelewa. Kona ya kabati. Mtutu uliohamishwa jicho. Kitunguu.

"Jicho," nikasema. "Falk. La kulia."

Alitazama taa nyekundu ukutani, kisha mbele kule, ambako Doreen alikuwa amesimama na karatasi zake, mweupe kama hizo karatasi, hasogei. Falk akatapika pembeni ya mkeka.

Mzee Gerolf alichukua bunduki, akatoa risasi, akapitisha uzi.

"Toka uwanjani kwangu," akamwambia Falk. "Usiguse bunduki hapa mpaka nione barua ya daktari. Unanisikia?"

"Nimekusikia."

* * *

Tulikaa nje kwenye benchi, watatu. Doreen akanifunga kidole kwa kitambaa.

"Nilimkuta kliniki ya macho," akasema. "Nilikuwa nimempeleka mama. Akanishika mikono, akaniapisha. Nikasema basi angalau nimfundishe kulenga kwa kushoto, asije akaua mtu. Na angalia sasa. Kidogo aniue mimi."

"Kwa nini hukuniambia, Doreen? Mimi niliwaona Jumanne. Unajua nimekaa na nini tumboni siku zote hizi?"

"Ulituona?" Akafunika uso. "Yesu wangu. Mimi na huyu? Marlit, mimi nilimwacha huyu kwa sababu ya miguu inayonuka!"

Nikacheka nikiwa nalia. Doreen akainuka, akatuacha.

Falk alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mshipa umeziba ndani," akasema. "Niliamka mwezi wa pili nikakuta pazia la kijivu. Daktari anasema jicho halirudi. La kushoto ni zima, lakini wanaliangalia kila baada ya miezi mitatu."

"Na kazini?"

"Nusu ya klabu wako kiwandani. Ukisema neno hapa, kesho meneja anajua. Nani atampa mtutu mtu wa jicho moja? La kushoto halijui vivuli, Marlit. Nimejaribu. Halijui."

"Mimi si klabu. Mimi si meneja."

"Wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote."

"Mimi?"

"Ndoa tuiache. Sitaki uolewe na mimi kwa huruma."

Nikamwinulia kidole changu karibu na uso wake, upande anaoona.

"Huruma? Kidole kimevunjika, nina hasira ya kukumeza mzima na viatu vyako, halafu unaniambia huruma? Ungeua mtu, Falk! Ungemuua Doreen, na mimi ningebaki nadhani ulimuua kwa mapenzi!"

Alianza kulia bila sauti. Jicho bovu nalo lilikuwa linatoa machozi sawasawa na lile zima. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Jumatatu unakwenda kumwambia meneja mwenyewe," nikasema. "Nitakusubiri getini. Na bunduki nachagua mimi."

"Ile ya kushoto?"

"Ile ya mbao."

"Komeo lake liko kulia. Mimi siwezi—"

"Wewe hutaligusa."

* * *

Meneja hakumfukuza. Alimhamishia kwenye vitako, kuchonga mbao. Falk hakufurahi, na hasemi uongo kwamba amefurahi. Barua ya daktari ilifika, Mzee Gerolf akaisoma mara mbili, akakubali alenge mimi nikiwa ubavuni kwake.

Siku ya ndoa, kwenye ofisi ya ndoa ya mji, nilikwenda kusimama kulia kwa Falk. Mama wa ofisi akasema bibi harusi kwa kawaida husimama kushoto. Nikamwambia mimi nimeshapazoea hapa. Ilipofika pete, akasema mkono wa kulia, maana kwetu pete ya uchumba hukaa kushoto na siku ya ndoa huhamia kulia. Kidole cha pete cha mkono huo, kile kile kilichovunjika, kilikuwa bado kimevimba kama soseji. Falk alisukuma mara moja, akaona uso wangu, akaacha. Akaninyooshea kiganja, nami nikampa mkono wangu wa kushoto, na pete ikarudi kule ilikokuwa.

Mchana klabu nzima ilikuwa uwanjani. Walikuwa wametuchorea ubao wa mviringo, majina yetu na maua pembeni, kama wanavyowachorea wote wanaooana hapa, na bwana harusi lazima aulenge risasi moja ili utundikwe ukutani. Wengi walikuwa wanajua sasa. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Niliona wanawake wawili wakiwavuta watoto wao nyuma.

"Anayeogopa akanywe bia nje!" Doreen akapaza sauti. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa, mlangoni.

Falk akalala na suti yake, shavu la kushoto kwenye ile mbao. Mimi nikalala kuliani kwake na gauni langu jeupe.

"Marlit," akanong'ona. "Upo?"

"Nipo."

"Taa?"

Nikaangalia ukuta. Nikaangalia uwanja wote mpaka mwisho, nikahesabu watu nyuma yetu, nikaangalia ukuta tena.

"Kijani."

Nikadondosha risasi chembani, ile aina ambayo bunduki ilijichagulia. Nikafunga komeo mimi mwenyewe, nikaondoa mkono.

Ikalia. Watu wakapiga makofi, wakapiga kelele, mtu akasema imepita katikati ya jina langu na lake. Sikuona. Nilikuwa bado naangalia taa.