Bawa Lililochechemea

Mama Dirisha alisema ndege ilitoroka yenyewe. Alilisema hilo Jumamosi saa saba mchana mbele ya mlango wa karakana, na kila aliyefika baadaye alisimuliwa upya tangu mwanzo. Saa sita alikuwa dirishani kwake, kama kawaida yake, anashona kifungo. Akasikia mlio mkali, vrrrr! Akainua macho, na juu ya ukuta wa kichochoro akaliona bawa jeupe lenye ncha nyekundu linapita hewani.

"Lilikuwa linakwenda mbio?" Pasi alimwuliza.

"Mbio wapi! Taratibu. Linazama kidogo, linainuka. Linazama, linainuka. Kama kuku aliyechomwa mwiba mguuni. Lilipofika kwenye kona likapotea. Haki ya Mungu, mwanangu, ndege yenu imechoka kufungiwa ndani."

"Uliona mabawa mangapi, mama?"

"Moja. La pili si lilikuwa upande wa pili? Na wewe una maswali!"

Watu wakaangua kicheko. Kaka yake Pasi hakucheka.

Kaka alikuwa fundi redio, na karakana ilikuwa yake. Ndege ile waliinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anaondoa makorokoro ya chumba cha baba mkwe wake. Ilikuwa ndege ya rimoti ya kuelea, ile yenye mabawa marefu membamba: mota ndogo huipandisha, kisha mota huzimwa, nayo hubaki juu ikichezea upepo kama mwewe. Ilipofika kwao haikuwa na mota. Bawa lilikuwa limevunjika mbavu, na ngozi yake ya plastiki imepasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Kaka akachonga mbavu mpya, akafunga mota na kupitisha waya. Ngozi ilikuwa kazi ya Pasi. Yeye ni dobi, chumba chake kinatazamana na karakana, na plastiki ile hubandikwa kwa pasi. Moto ukizidi inatoboka, ukipungua inabaki na makunyanzi. Bawa la Pasi halikuwa na kunyanzi hata moja. Mteja akija kuchukua mashati yake, alipelekwa kwanza kulitazama bawa, apende asipende.

Jumapili asubuhi mkuu wa chuo cha ufundi alikuwa anakuja kiwanjani kuiona ikiruka. Ikiruka vizuri, Kaka angepewa darasa la jioni alifundishe. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu ujana wake.

"Sasa mtaa mzima unasema fundi kaacha betri kwenye waya, ndege ikamkimbia," alisema Kaka watu walipotawanyika. "Nani atamkabidhi wanafunzi mtu wa namna hiyo?"

Pasi alikuwa anatazama ndoo ya mchanga pembeni, mahali ambapo Kaka huchajia betri kwa kuogopa moto. Taa ya chaja ilikuwa inawaka.

"Betri hiyo hapo," alisema. "Ndege iliruka kwa kumeza upepo?"

Kaka akainama, akaigusa, akavuta pumzi. "Kwa hiyo imeibwa."

"Imeibwa. Na hilo ni afadhali, kaka. Wizi haukuvunjii jina."

Kufuli la mlango lilikuwa salama. Kaka alitoka saa tano kwenda kununua waya, akalifunga mwenyewe, na Pasi alipiga pasi muda wote huo uso ukiuelekea mlango. Hakuingia mtu. Lilibaki dirisha la nyuma, juu ya meza ya kazi ilipokuwa imelazwa ndege. Nondo zake zilikuwa za kukatizana, na tundu moja lilipitisha mkono hadi begani lakini kichwa hapana.

"Kiwiliwili ni chembamba, na mkia unashikwa kwa raba, ukiutoa kinapita," alisema Kaka. "Lakini bawa? Ni refu kuliko kitanda. Mlangoni penyewe tunalipindua, mmoja ndani mmoja nje, kama tunahamisha kabati. Na kichochoro ni chembamba. Lingegonga ukuta wa pili kabla ya nusu yake kutoka."

"Lakini limetoka."

"Basi tuanze na Spana."

Spana alikuwa fundi baiskeli wa mlango wa tatu. Mwezi mzima alikuwa anawatania, na mara mbili aliiomba ile mota aifunge kwenye feni yake. Walimkuta amechuchumaa, shati limetobolewatobolewa na cheche.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Kitu kikipotea, Spana. Mvua isiponyesha, Spana."

"Saa sita ulikuwa wapi?" Kaka alimwuliza.

"Hapahapa, nakata fremu kwa grenda. Mwulize mwenye baiskeli yule pale, masikio yake bado yanalia."

Mwenye baiskeli akatikisa kichwa kukubali. "Tangu kabla ya adhana mpaka sasa. Nimeomba apumzike, hasikii."

"Kaka, mwache," alisema Pasi. "Mama Dirisha alisikia vrrrr na kuliona bawa wakati mmoja. Mlio ulikuwa grenda. Spana hawezi kukata chuma hapa na kubeba bawa kule."

"Umeona!" Spana akajipiga kifua. "Kwa mara ya kwanza umbea wa yule mama umemfaa mtu." Kisha akashusha sauti. "Ila kusema kweli, Pasi, lile bawa mlilipatia. Nilikuwa nawatania tu, msije mkavimba vichwa."

Walirudi karakana. Pasi akapiga magoti chini ya meza akaanza kupapasa sakafu. Hakuwa na haraka. Alipapasa kama anayetafuta kifungo cha mteja mkorofi, mpaka vidole vikagusa kitu chepesi. Kilikuwa kipande cha plastiki, duara, kidogo kuliko kifungo, kimekatwa kwa wembe kwa ustadi. Juu chekundu, chini cheupe.

"Hiki nimekipiga pasi mimi," alisema. "Ni pale katikati ya bawa kwenye ule mstari mwekundu. Unakumbuka kile kitundu? Tulisema ni cha mdudu, nikakifunika."

"Nakumbuka. Kirefu, chini kuna giza."

"Mwizi amekata hapo tu, hakupapasa kwingine. Alijua kuna kitu ndani. Kwa mfano, skrubu."

Kaka akakaa kwenye kigoda. "Bawa linagawanyika," alisema polepole. "Vipande viwili. Na sisi tukifika mlangoni tunapinduana kama vichaa!"

"Kila kipande kinapita dirishani. Nani angejua hilo, kama sisi tuliolivua ngozi hatukujua?"

"Aliyeliunda."

Pasi alikuwa anakitazama kigoda alichokalia kaka yake. Kwa wiki mbili kigoda kile kilikuwa na mwenyewe. Babu Kofia alikuja kila asubuhi na fimbo yake, polepole, maana tangu atoke hospitali nyonga yake haikukaa sawa. Siku ya kwanza alileta redio itengenezwe; tangu hapo alikaa tu, akatazama meza ya kazi hadi adhuhuri. Leo hakuja.

"Kaka, redio ya Babu Kofia ina ugonjwa gani?"

"Haina. Nimeifungua, nzima. Nikimwashia inaimba, yeye anasema bado inakoroma, niiache ikae."

"Mama Dirisha alisema bawa lilikuwa linazama na kuinuka. Linachechemea. Kitu kinachoelea hakichechemei, kaka. Anayechechemea ni aliyelibeba begani."

Kaka aliichukua ile redio, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Alijua tu kwamba babu anakaa mtaa wa pili, nyumba ya mlango wa kijani.

Aliyewafungulia alikuwa yule mwanamke wa sokoni. Aliwatazama, akaitazama redio, akaziba mdomo kwa kanga. "Baba," aliita, "wenyewe wamekuja."

Babu Kofia alikuwa ameketi kando ya kitanda. Ndege ilikuwa kitandani, imeunganishwa, imefunikwa shuka mpaka katikati kama mgonjwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ingieni. Redio imepona?"

"Haikuwa inaumwa," alisema Kaka. "Babu, kwa nini?"

Mzee hakujitetea. "Niliiunda kwa mikono yangu. Nimerudi kutoka hospitali, mkwe wangu kasafisha chumba. Simlaumu, ilikuwa imevunjika na mimi nilikuwa wa kufa. Nikaifuata. Nikasema nitakaa pale nione wanavyoiharibu, nicheke, roho itulie."

"Ukacheka?"

"Nicheke nini?" Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya bawa toka mwanzo hadi ncha. "Nimetafuta kunyanzi wiki mbili. Nimetafuta tena leo, na miwani. Hakuna. Nani kaipiga pasi?"

"Mimi," alisema Pasi.

"Kumbe." Akamgeukia. "Mimi niliirusha mara moja tu, ikajipiga chini ikavunjika, na watu wakacheka. Kesho itapanda. Itapanda, naiona. Na watasema ndege ya fundi redio. Hilo ndilo lililonishinda kumeza."

"Ungekuja kusema, babu," alisema Kaka. Sauti ilikuwa imeanza kulainika, lakini taya bado limekaza. "Karibu uniharibie jina. Kesho nilikuwa nasimama mbele ya mkuu wa chuo mikono mitupu."

"Najua, mjukuu wangu. Nisamehe."

Mzee akatoa bisibisi chini ya mto, akafungua skrubu, bawa likaachana katikati bila hata kulia. Kaka akaguna. Kazi nzuri ni nzuri hata ikiwa ya mwizi. Akakitia kiwiliwili kwapani, Pasi akaweka vipande viwili vya bawa begani, na kwa mara ya kwanza wakapita mlangoni wima, bila kupinduana.

Walipofika kichochoroni walisikia fimbo nyuma yao, ikigonga mawe. Juu ya ukuta dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Hilo tena!" Mama Dirisha alipiga kelele. "Jamani, njooni muone, linarudi!"

"Mwanangu," mzee aliita, akihema. "Wewe mpiga pasi. Kaka yako atashika rimoti, sawa. Lakini kuna mtu lazima aitupe kwa mkono ianze kupaa. Kesho niachie mimi. Mara moja tu."

Pasi alihamishia bawa bega la pili. Aliendelea kutembea, ila taratibu zaidi, fimbo isije ikabaki nyuma.