Spana Iliyochelewa Kutua

Maiti ya Ndolo ililala chali chini ya mnara wa tangi la maji, hatua moja tu kutoka kwenye ngazi, na spana ya chuma kando ya sikio la kushoto. Ilikuwa Jumatano, saa mbili kasorobo asubuhi, na tayari nusu ya soko la Emali ilikuwa imekanyaga mahali pa tukio.

"Rudini nyuma!" Inspekta Mwongeli alifoka mpaka sauti ikamkauka. "Kwani huu ni mnada wa mbuzi?"

Hakuna aliyerudi. Mtu mmoja alikuwa anakula hindi la kuchoma huku akichungulia maiti. Mwongeli alitamani kumtia pingu huyo kwanza, mengine yafuate.

Mshukiwa alikuwa amekwisha kupatikana, tena na umati wenyewe. Aliitwa Sharmarke, msafirishaji wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki, na shati lake lilikuwa limeloa damu ya marehemu kifuani na mikononi. Konstebo Musyimi alimwokoa mikononi mwa vijana waliokuwa wameshaokota mawe.

Shahidi alikuwa Ndululu, mwenye mnara, mwenye kioski cha maji, na shemeji wa marehemu, kwa kuwa Ndolo alimwoa Muthoki, dada yake mdogo.

"Uliona nini?" Mwongeli alimwuliza.

"Niliona yote, Afande. Ndolo alikuwa juu ya ngazi, anaenda kuosha tangi. Huyu akaja na hasira zake. Akashika ngazi na mikono miwili, akaitikisa. Ndolo akaanguka na spana yake."

"Hasira za nini?"

"Wiki jana walikosana hapa hapa. Mbuzi zake zilikunywa kwa mtungi za watu, Ndolo akamfukuza. Soko yote ilisikia."

Soko lote liliitikia kuwa lilisikia.

Mwongeli alimgeukia Sharmarke. "Na wewe?"

"Sikutikisa ngazi. Nilisimamisha lori nipee mbuzi maji. Nikakuta mtu amelala, anapumua kidogo. Nikamwinua kichwa. Wallahi, hiyo tu. Na spana hiyo, nilipofika haikuwa hapo."

"Haikuwa hapo? Basi imetoka wapi, mbinguni?"

Watu wakacheka. Ndululu hakucheka. Alijibu kwa upole, kama anayemsaidia mgeni kuelewa.

"Alimfikia Ndolo kabla spana itue, Afande. Mtu ni kilo tisini. Spana ni kilo moja. Zilitoka juu pamoja, lakini mtu akatangulia, spana ikakuja nyuma. Huyu alishainama, ndiyo ikaanguka."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Musyimi alikubali. Mwongeli mwenyewe, Mungu amsamehe, aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akaweka sahihi.

*

Alhamisi asubuhi kituo cha polisi hakikukalika. Lori la Sharmarke lilikuwa uani kama kielelezo, na mbuzi sitini ndani yake walikuwa wanalia tangu alfajiri. Ismahan, mke wa Sharmarke, alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi. Alibeba maji kwa ndoo kutoka kwenye bomba la kituo, akiwanywesha mbuzi mmoja mmoja kwenye matundu ya mbao, na kila alipopita dirishani kwa Mwongeli aliuliza swali lile lile.

"Afande, atarudi leo?"

"Mama, saa nane anapelekwa kortini. Korti ndiyo itasema."

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kusema kwa niaba ya korti. Alitaka hati ya mashtaka ya mauaji mezani kwake kabla ya saa sita, na mbuzi nje ya uwanja wake kabla ya hapo.

Na kana kwamba hayo hayakutosha, Mwalimu Gicheru aliingia.

Mwalimu Gicheru alikuwa mstaafu wa fizikia aliyehamia Emali kutoka Murang'a zamani, akafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini, Mwongeli akiwa mmojawapo. Hii ilikuwa mara ya nne anakuja kuulizia baiskeli yake iliyoibwa. Hakuwa na haraka. Alipenda kukaa kwenye benchi na kuwauliza polisi maswali. Ukiwa ndani ya lifti na kamba ikakatika, mizani itaonyesha uzito gani? Chai ukitia maziwa mapema au ukichelewa, ipi itabaki moto? Konstebo mmoja aliomba uhamisho, na wenzake walijua kwa nini.

"Mwalimu, leo hapana," Mwongeli alisema kabla mzee hajafungua kinywa. "Baiskeli haijapatikana. Nina maiti."

"Nimesikia. Ile ya spana iliyochelewa."

"Nani amekwambia?"

"Soko zima linasema. Sasa hebu nikuulize swali dogo."

"Mwalimu, tafadhali!"

"Chukua Ndolo, kilo tisini. Chukua spana, kilo moja. Wewe unasema Ndolo anaanguka haraka, spana polepole. Sivyo?"

"Si mimi, ni shahidi."

"Umetia sahihi. Sasa funga spana kwenye mshipi wa Ndolo kwa kamba, uwaangushe wote. Spana yenye uvivu itamvuta nyuma, kwa hiyo Ndolo ataanguka polepole kuliko akiwa peke yake. Naam?"

"Naam," alisema Mwongeli, ilimradi amalize.

"Lakini sasa amekuwa kilo tisini na moja. Mzito zaidi. Kwa hiyo ataanguka haraka zaidi. Polepole zaidi na haraka zaidi, kwa wakati mmoja. Inawezekana?"

Hasira ilimpanda Mwongeli, si kwa sababu ya swali, bali kwa sababu alilikumbuka. Kidato cha pili, dawati la mbele. Mwalimu huyu huyu aliliuliza, na yeye akasimama kwa ujasiri na kujibu kwamba kizito hutangulia. Darasa zima lilimpigia makofi. Mwalimu alichora alama kubwa ya mkasi, ya kukosa, kwenye daftari lake, na mpaka leo alikuwa hajamsamehe.

"Nilikosa," alisema taratibu. "Vinaanguka pamoja."

"Unyoya, sawa, hewa itauchelewesha. Lakini chuma? Mita saba, nane? Ni sekunde moja na kidogo, kwa mtu na kwa spana. Ndululu hakuona spana ikichelewa. Alifikiria tu kwamba ingechelewa. Kama ulivyofikiria wewe."

"Watu hukosea, Mwalimu. Kukosea fizikia si kosa la jinai."

"Sikusema ni jinai. Nauliza tu, kama mgeni hakuiona spana alipofika, ilikuwa wapi?"

Mwongeli alitazama saa. Saa nne na robo. Nje, mbuzi walilia kwa pamoja.

"Musyimi!" aliita. "Jaza mchanga nusu gunia. Na ulete ile spana."

*

Nyumba ya Ndululu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye mnara, na waombolezaji walikuwa wamejaa uani. Walipoona polisi wakipandisha gunia la mchanga juu ya mnara kwa kamba, waliacha chai yao wakaja. Soko nalo likaja.

"Nini hii, Afande?" Ndululu aliuliza. "Tuko na matanga hapa."

"Nataka kuona ulichoona. Ulisema vilitoka juu pamoja?"

"Pamoja kabisa."

"Hakuna kilichobaki juu, kikaanguka baadaye?"

"Hapana. Niliona na macho yangu."

"Gunia na spana nikiviachia pamoja, kipi kitafika kwanza?"

"Gunia. Hata mtoto anajua."

"Gunia!" soko likaitikia. Yule wa hindi la kuchoma alikuwepo, safari hii na ndizi.

Juu, Musyimi aliweka gunia na spana ukingoni, akavisukuma kwa mkono mmoja.

Pu!

Mlio mmoja tu. Vumbi likatimka, spana ikiwa imejichimbia ubavuni mwa gunia.

"Asi!" mama mmoja alisema. "Hebu tena."

Wakarudia, kwa jasho la Musyimi na manung'uniko yake. Mlio mmoja. Soko likanyamaza, jambo ambalo Mwongeli hakuwahi kulishuhudia katika miaka tisa ya kazi Emali. Mwalimu Gicheru alianza kueleza, Mwongeli akamnyamazisha kwa kidole.

"Ndululu, spana hii ilifika baada ya Sharmarke. Ilikuwa kwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Labda yeye aliificha."

"Ndolo alienda kuosha tangi. Tangi linaoshwa kwa brashi. Spana ya nini?"

Mwongeli alivua kofia, akaanza kupanda ngazi mwenyewe. Alikuwa anaogopa urefu, na jambo hilo nalo lilimkasirisha. Alihesabu vipago vya kukanyagia kimoja kimoja. Kumi vya kwanza vilikuwa vimeliwa na kutu, bolti zake zimeshikana na chuma kiasi cha kutoonekana. Cha kumi na moja kilikuwa kipya. Bolti zake ziling'aa, na grisi ilikuwa mbichi. Alijaribu spana. Iliingia sawasawa.

Alishuka na kidole chenye grisi, akampigia simu daktari aliyefanya upasuaji wa maiti. Aliweka spika, makusudi.

"Daktari, viganja vya marehemu vilikuwaje?"

"Nimeandika kwenye ripoti, Inspekta. Hamsomi? Chembe za kutu, na mikwaruzo ya waya, waya wa seng'enge nadhani. Alishika kitu kikamponyoka."

"Na alikufa papo hapo?"

"Hapana. Damu ilivuja ndani polepole. Aliishi robo saa, labda zaidi. Angefikishwa hospitali, huenda angepona."

Mwongeli alikata simu. Alimtazama Ndululu, ambaye alikuwa anatazama kipago cha kumi na moja.

"Kwenye ngazi yako hakuna seng'enge."

"Hakuna, Afande."

"Jana asubuhi ilikuwepo."

"Afande, mimi—"

"Ndululu, nimechoka! Tangu jana nadanganywa na mtu mzima mbele ya maiti. Kuna mtu mwingine ndani ya seli na saa nane anapelekwa kortini kwa mauaji. Uliweka kipago hicho lini?"

Ndululu alikaa chini mchangani, kando ya gunia.

"Baada ya yeye kuanguka."

Uani, mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa Muthoki, mjane.

"Kilikuwa kimeoza," Ndululu aliendelea, sauti ikiwa chini. "Muthoki aliniambia nitengeneze. Mara tatu. Nikamwambia nimeshatengeneza. Nilikuwa nimefunga na waya tu. Kipago kipya kilikuwa kwa stoo, nilinunua, lakini kila siku nasema kesho. Nilisikia kishindo. Nikatoka nikamwona. Nikajua Muthoki atajua."

"Kwa hiyo ukachukua spana yake."

"Ndiyo."

"Ukapanda."

"Nilikata waya, nikakaza kipago. Nilisema nikimaliza nitaita gari. Halafu lori ikaingia, nikajificha nyuma ya mnara. Nikaona huyo Msomali anamwinua. Nikapiga kelele. Watu walipojaa, nikaachilia spana chini kando yake."

"Ndolo alikuwa hai?"

Ndululu alijifunika uso.

"Nimekuuliza! Ulipokuwa juu, alikuwa hai?"

"Alikuwa ananiangalia."

Mwongeli aligeuka pembeni. Alikuwa amezoea wezi na walevi wa mapanga, na wote walikuwa wamemkera kwa namna yao. Hakuna kati yao aliyekaza bolti huku mtu akimtazama.

"Na kwa nini yule mgeni?"

"Ni mtu wa kupita, Afande. Mimi naishi na dada yangu hapa. Ningemwangalia namna gani?"

Muthoki alikuwa amefika. Hakulia, wala hakumgusa kaka yake.

"Jana asubuhi Ndolo alichukua spana," alisema. "Alisema hiyo ngazi anaenda kuikagua mwenyewe, haiamini. Mimi nikamcheka. Nikamwambia, si Ndululu amesema ametengeneza? Ndululu ni kaka yangu."

Akavuta leso yake mabegani, akarudi kwa wanawake.

*

Sharmarke alitolewa seli saa saba na nusu. Wanyama watatu walikuwa wamekufa ndani ya lori. Ismahan alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imechubuka kwa vishikio. Alipomwona mume wake aliinuka, akashika mkono wa shati lake, pale penye damu iliyokauka, asiuachie mpaka mlangoni pa ofisi.

Mwongeli alimrudishia funguo, simu na mshipi. Aliomba radhi, kwa maneno machache na sauti ya ukali, kwa sababu hakujua sauti nyingine ya kuombea. Mwalimu Gicheru alikuwa bado kwenye benchi, akingoja baiskeli.

"Mmejuaje si mimi?" Sharmarke aliuliza.

"Spana," Mwongeli alisema. "Tumepima. Kizito na chepesi huanguka pamoja. Spana haikuweza kuchelewa. Ndipo tukajua haikuwa pale ulipofika."

Sharmarke aliufunga mshipi wake taratibu.

"Lakini Afande, mimi nilikuambia hivyo jana."

Mwongeli alimtazama Mwalimu Gicheru. Kwa mara ya kwanza mzee hakuwa na swali. Nje, Ismahan alikuwa amefungua mlango wa lori, na mbuzi walianza kushuka mmoja mmoja kwenda kwenye bomba la kituo.