Aliyeachiwa Nafasi

Haya, mjukuu wangu, tegua hiki kabla chai haijapoa: wamejipanga ukutani mwaka hadi mwaka, hawachoki kusimama, wanakutazama usoni, nao hawakuoni. Ni akina nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. La, huo siutaki, una joto. Nipe Mshituni, kule juu milimani Upareni, kwenye magari yanayopita hewani kwa kamba na roboti za kung'oa tangawizi. Haya, nimekwenda Mshituni, nimekaribishwa, nimekula makande nikashiba, sasa nakwambia: ni picha ya darasa. Na huko Mshituni ndiko picha za madarasa zilikoanza kugeuza shingo.

Mtambo wenyewe uliitwa kihuishi. Ulikaa katikati ya ukumbi wa iliyokuwa shule ya msingi, mnene kama pipa la maji, juu yake una jicho la kioo. Ukiuwekea picha ya zamani, iwe ya darasa la saba, ya kwaya, au ya kina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana, jicho linaimulika, linasoma kila uso, linaulinganisha na nyuso za picha zote zilizowahi kuletwa. Kisha ukutani wanajitokeza watu wa nuru, kimo chao kama chako, na sweta zao za shule zilizotoboka viwiko. Mtambo unauliza kwa upole, "Huyu ni nani?" Watu wawili wakitaja jina moja, uso unafungwa na jina lake. Kuanzia hapo mtu yule wa nuru anaweza kusema, kwa sauti ambayo mtambo umeiokota kwenye kanda za kwaya na za mikutano ya kijiji. Na likishafungwa jina, halifunguki tena. Linakwenda kwenye masomo ya watoto, kwamba hawa ndio waliokuwa watu wa Mshituni.

Watu walikuwa na njaa ya kitu kama kile. Picha za wazee wao zilikuwa ndani ya simu, na simu zilikufa na picha zake tumboni. Zilizopona ni zile chache za karatasi, za makundi, alizopiga mpiga picha wa kutoka mjini. Kwa hiyo uliposikika mwito kwamba kila mwenye picha ailete wote waione, godoro gani lililoachwa kupinduliwa?

Aliyeusanifu mtambo alikuwa Nakunda, mhandisi, mzaliwa wa Mshituni ila amelelewa kwa shangazi yake Dodoma. Asubuhi moja alikuwa amesimama pembeni akifurahia kazi yake. Mzee Kanaeli alikuwa ametambuliwa kwenye picha ya darasa la saba, na kitoto kimoja cha nuru chenye magoti ya vumbi kikapiga hatua mbele.

"Naitwa Kanaeli," kikasema. "Nina njaa."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hata kwenye nuru, njaa!" mama mmoja akapaza sauti. "Kanaeli, we ulizaliwa na kijiko!"

"Na wewe dada subiri zamu yako," Mzee Kanaeli akamjibu. "Tutaona kama utatoka na meno."

Walikuwa bado wanacheka mtambo ulipouliza tena. "Huyu ni nani?"

Kushoto kwa kile kitoto Kanaeli alisimama msichana. Sweta safi, kichwa kimenyolewa, macho makubwa. Wenzake walitazama mbele, kwenye kamera ya siku ile. Yeye alikuwa akigeuka polepole, akiwatazama watu ukumbini mmoja mmoja, kama mtoto aliyepotezana na mama yake mnadani.

"Ana pua ya kwetu," mmoja akasema.

"Macho hayo ni ya ukoo wetu sisi," akasema mwingine.

Lakini jina hakuna aliyekuwa nalo. Na msichana hakuishia pale; siku zilizofuata aliendelea kutokea. Picha ya kipaimara, yumo, amevaa nguo nyeupe. Picha ya kwaya, yumo, amevimba kifua cha ubinti. Picha ya harusi ya Kanaeli yumo, mtu mzima sasa, mstari wa pili. Kila alipotokea alikuwa ameongezeka umri, na kila alipotokea alikuwa akitafuta kwa macho. Kicheko kiliisha. Kina mama wakaanza kukusanya vikapu vyao bila kuagana vizuri.

Nakunda akazichukua picha zenyewe za karatasi na kuzisogeza dirishani. Akatafuta mahali pa yule msichana. Palikuwa na kipande cha ukuta wa shule. Kanaeli mdogo upande huu, mtoto mwingine upande ule, na katikati yao upana wa mabega pasipo na mtu. Kwenye harusi ni vilevile. Kwenye kwaya ni vilevile.

Akaiinua ile ya darasa la saba.

"Mzee Kanaeli," akasema, "shikamoo tena. Njoo unieleze. Hapa mbona mmeachana?"

Mzee akaitazama picha. Utani ukamtoka usoni.

"Binti wa mjini," akasema, "hukuambiwa? Hapa kwetu mwenzenu akifa, hamsogei kuziba pengo lake. Kila mnapopigwa picha mnamwachia nafasi, hadi wa mwisho wenu. Mpiga picha alikuwa anafoka, 'Songeni! Songeni!' Sisi tumekaza miguu. Mimi mkono wangu wa kushoto nilikuwa naulegeza hivi, ili aushike akitaka."

"Mlimwachia nani?"

Kanaeli akashusha pumzi. "Mama yako tulimwita Mama Naetwe. Ulipozaliwa wewe ndipo tukaanza kumwita Mama Nakunda, tumpunguzie machungu."

Nakunda alijua kwamba Naetwe alikuwa dada yake, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo, darasa la tatu, kabla yeye hajazaliwa. Uso wake hakuujua, maana picha zake zote zilikuwa ndani ya simu ya baba, nayo ilikuwa imekufa zamani. Na sasa akaelewa mtambo wake umefanya nini. Picha nyingi zilizoletwa zilikuwa zimeliwa na mchwa, au zimeota ukungu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha mtambo kwamba safu ya watu ikiwa na tundu, tundu hilo ni uharibifu. Lizibe kwa kukisia kutokana na waliosimama karibu. Mtambo ukaliona tundu lilelile, kati ya majirani walewale, likiwafuata tangu utoto hadi uzee wao. Ukahesabu kwamba huyo ni mtu mmoja. Ukachota pua kwa huyu, macho kwa yule, ukamkuza mwaka kwa mwaka. Ndiyo maana kila mtu alimwona wa kwao. Alikuwa wa wote, na hakuwahi kuwapo.

"Nitamfuta leo," akasema.

"Mwulize mama yako kwanza," akasema Kanaeli. "Unadhani anakuja humu kila asubuhi kunywa chai?"

Kweli, Bibi Namsifu, mama yake Nakunda, alikuwa pale kwenye benchi la nyuma, chupa ya chai pembeni haijafunguliwa. Alikuwa anamtazama yule msichana wa picha ya kwaya. Nakunda akaketi karibu naye, akamweleza yote, kwa maneno mepesi, jinsi mtambo unavyokisia. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Macho ni ya baba yenu," akasema.

"Mama, macho ni ya watoto wa jirani. Hata sijui ya nani."

"Ana kidevu changu."

"Mama."

"We Nakunda, usinifundishe mtoto niliyemzaa!" Watu wawili watatu wakageuka. Bibi Namsifu akashusha sauti. "Nimeona alivyovaa nguo ya kipaimara. Nimemwona akiimba. Hayo mimi kifo kilininyima. Nikitaja jina, ataongea?"

Nakunda akasita. "Ataongea. Lakini anahitajika wa pili kumtaja."

"Kanaeli atanifuata."

Mzee Kanaeli, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akainamisha kichwa. "Ukisema ndiye, Mama Naetwe, mimi ni wa pili wako. Siwezi kukukatalia."

Bibi Namsifu aliposikia jina lile la zamani alifumba macho. Nakunda akaona mikono ya mama yake inapapasa hewani kama anayetafuta kitu kabatini gizani.

"Mama, vipi?"

"Namtafuta," mama akanong'ona. "Alikuwa na kovu hapa juu ya nyusi, aliangukia jiwe la kusagia. Nalijua lilikuwapo. Ila nikifumba macho anakuja huyu. Tangu juzi anakuja huyu tu. Yule mwingine amekaa nyuma yake, simwoni vizuri."

Nakunda alikuwa ametengeneza mtambo wa kuwarudisha waliosahaulika, na hapa ulikuwa unambandua marehemu kwenye kichwa cha mama yake mzazi. Akainuka kwenda kuuzima. Mama akamdaka mkono.

"Ukimgusa, usinifuate nyumbani."

"Mama, huyu anakunyang'anya Naetwe."

"Na wewe ukimfuta utanipa nani?"

Nakunda angeweza kumfuta kwa kidole kimoja, na mama angeendelea kumwota mgeni maisha yake yote, akiamini kwamba amenyimwa mwanawe. Akakaa. "Basi mtambo ukuulize wewe mwenyewe," akasema. "Utakachosema ndicho kitakachofungwa. Sitaingilia."

Wakamsaidia kusimama. Roboti ya kufagia ilikuwa imesimamishwa mlangoni. Bibi Namsifu akaenda mbele, kandambili zikiburuzika sakafuni, hadi miguuni pa ukuta. Na yule msichana, ambaye siku zote alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja na kuwapita, alipofika kwa Bibi Namsifu alisimama pale. Hakugeuza tena kichwa. Mdomo ulifunguka kidogo, tayari, ukingoja jina ili upate sauti. Wote walijua neno la kwanza litakuwa lipi.

"Huyu ni nani?" mtambo ukauliza.

Mama akanyoosha mkono. Vidole vyake vikapenya kwenye nuru, vikapita juu ya nyusi, kulia, kisha kushoto, polepole, vikitafuta. Nyuma yake Kanaeli alikuwa amefunika uso kwa kofia.

"Huyu ni nani?"

Bibi Namsifu akaurudisha mkono wake, akauficha ndani ya khanga. Akamtazama yule msichana kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyekujia mlangoni jioni.

"Simjui," akasema. "Huyu amekua. Wangu hakukua."