Bunduki ya Babu Darini kwa Seifu

"Chagua, Seifu. Bunduki au mimi."

"Zulekha, babu alirudi nayo kutoka vitani, akamwachia baba, na baba kabla hajafa akaniachia mimi. Nitaitupaje?"

"Sikusema uitupe. Mwambie chifu. Polisi wakiikuta humu darini utafungwa, na mimi nitabaki na nani?"

Zulekha akafunga nguo zake akaenda kwao Kinondo, na Seifu, dume zima, akakaa barazani akimtazama tu.

Siku za mwanzo alijifanya chuma. Akapika wali, ukaungua. Akitoka kazini Diani anarudi Msambweni, hapana wa kumwambia pole na kazi. Akatuma ujumbe: "Umekula?"

Zulekha akajibu: "Bado iko darini?"



Ijumaa mama yake Seifu, Bi Mwanafatuma, akaja kutoka Bongwe kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkeo yuko wapi?"

Akamweleza yote. Mama akaketi, akavua viatu.

"Kila akija mgeni kwetu, babako alimkatiza maneno ili aondoke, asije akaiona. Dada zangu wakaacha kuja. Nimezeeka na mume mwema, mwanangu, na sina shoga hata mmoja. Hukurithi bunduki peke yake. Umerithi na ukiwa wetu."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Niliogopa. Zulekha amenishinda akili."

Seifu akampigia chifu. Askari wakaja, wakaiteremsha, wakaandika maelezo yake, wakaondoka nayo bila kumkamata, kwa kuwa ameisalimisha mwenyewe. Alilia, na usimcheke. Ilikuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya babu yake.

Kisha akapiga simu Kinondo.

"Zulekha, wameichukua. Rudi nyumbani."

"Umeitoa kwa kuogopa jela?"

"La. Nimechoka kukaa bila wewe."



"Sirudi mwenyewe. Nilipotoka ulinitazama tu. Njoo kwetu, umwamkie baba, useme mbele yake kwamba umemfuata mke wako."

Seifu alimwogopa mkwewe kuliko askari wote wa Kwale.

"Nikija leo nitamkuta?"

"Utamkuta. Kila siku ananiuliza utakuja lini, na kila siku namwambia leo."